Nyuzi 32 za Dar si nyuzi 32 za Dodoma

Shemeji yangu alishuka kwenye treni kutoka Dodoma siku moja ya Februari, saa tisa alasiri, akiwa na begi moja na mfuko wa zabibu. Kabla hatujafika kituo cha daladala alikuwa ameshafuta uso mara nne. Akatoa simu, akafungua hali ya hewa, akanionyesha kwa sura ya mtu aliyepunjwa chenji: "Shem, hapa panasema 32. Kwetu nako nimeacha 32. Hii nyingine inatoka wapi?"

Sikumjibu vizuri siku hiyo. Lakini swali lake lina faida kuliko ushauri tunaopewa kila kaskazi inapokolea: kunywa maji, vaa nguo nyepesi, kaa kivulini. Ushauri huo ni wa kweli, ila haumwambii mtu kwa nini feni inamsaidia huku na kumuunguza kule, wala kwa nini bibi analala fofofo kwenye nyumba ya makuti wakati mjukuu wake anakesha kwenye nyumba ya bati yenye vigae. Ukitaka kuelewa, anza na mtungi.

Mtungi wa udongo hauna injini. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vyake, hutokeza nje kama umande, na yanapokauka huondoka na joto. Yaliyobaki ndani yanapoa. Mwili wa mtu unafanya kazi ileile. Ukiwa umekaa tu unazalisha joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 100. Ukibeba zege ni mara kadhaa ya hapo. Joto hilo lazima litoke, usiku na mchana. Hewa ikiwa na nyuzi 20 linatoka lenyewe, kwa sababu ngozi, yenye nyuzi kama 35, ina joto kuliko hewa. Hewa ikifika nyuzi 32 pengo hilo limebaki dogo, na mzigo karibu wote unaliangukia jasho.

Na jasho ni fundi kweli. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita saba za maji ya bomba. Lakini sharti ni likauke. Jasho linalodondoka kutoka kidevuni halijapoza chochote; limekupotezea maji na chumvi bure.

Hapo ndipo Dar na Dodoma zinapoachana. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake mara nyingi ni kavu: jasho likitoka, hewa inalichukua. Dar hewa imeshashiba mvuke wa bahari, na aliyeshiba hali tena. Kuna namna ya zamani ya kulipima jambo hili: unachukua kipimajoto, unakifunga kitambaa kibichi mwishoni, unakipepea. Kitambaa kikikauka kwa kasi, kipimo kinashuka sana; kisipokauka, hakishuki. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 35 itakipeleka kipimo cha kitambaa hadi kama nyuzi 21. Hewa ya nyuzi 32 hizohizo yenye unyevu wa asilimia 70 itakiacha kwenye 27. Hizo nyuzi sita ambazo namba ya kwanza kwenye simu haizionyeshi ndizo zilizompokea shemeji kituoni. Waswahili wa pwani walishazipa jina kabla ya kipimajoto: fukuto.

Asije mtu akadhani kwamba joto kavu ni la kuchezea. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zake zote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuanguka na kuzimia Juba. Hewa ya nyuzi 45 yenye unyevu wa asilimia 15 ingekipeleka kitambaa kibichi kwenye nyuzi kama 24 tu, chini ya zile 27 za Dar. Je, Juba ni nafuu? Hata kidogo. Hewa ikizidi joto la ngozi, inageuka pumzi ya tanuri: badala ya kupokea joto lako inakuongezea la kwake, na mwili unalazimika kutoa jasho jingi mno ili uende sare. Jasho lenyewe linakauka kabla hujaliona. Mtu anaishiwa maji huku shati lake ni kavu. Pwani hatari inakutiririka mgongoni na unalalamika. Bara inakuja kimyakimya.

Fukuto nalo lina ukomo wake. Mwaka 2010 wanasayansi walipiga hesabu kwamba kitambaa kibichi kikisoma nyuzi 35, hakuna mwili unaoweza kujipoza, hata ukikaa kivulini na ndoo ya maji pembeni. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakawaweka vijana wenye afya kwenye chumba cha majaribio, wakichapisha matokeo mwaka 2022: joto la ndani ya mwili lilianza kupanda bila kushikika kwenye nyuzi kama 31 tu za kitambaa kibichi, na hao walikuwa wanafanya kazi nyepesi. Mzee wa miaka 70 mwenye presha hakuwemo chumbani. Na kwa kila nyuzi moja dunia inayoongezeka joto, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo bahari ikipata moto, fukuto linaongezeka pamoja na joto.

Kwa nini Februari na Machi hasa? Jua huwa utosini mwa Dar mara mbili kwa mwaka, mapema Oktoba na mapema Machi, na katikati ya hapo halisogei mbali. Bahari ni sufuria kubwa: inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, hivyo kufikia Machi imeshaiva. Halafu kaskazi inaanza kulegea kabla kusi haijashika, kile kipindi wavuvi wanachokiita maleleji, na upepo uliokuwa ukilikausha jasho unakwenda likizo. Jua la utosi, bahari iliyoiva, upepo uliolala. Masika yakichelewa, watu wanagombana kwenye daladala kwa sababu ya dirisha.

Feni, kiyoyozi na kikombe cha chai

Feni haipozi hewa hata chembe. Ukiiacha inazunguka kwenye chumba kitupu, unakipasha joto kidogo kwa mota yake. Kazi yake ni kuondoa ile hewa iliyoshiba mvuke iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine, ili jasho lipate pa kwenda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40: juu ya hapo, hewa unayojipulizia inakupika. Dar haifiki nyuzi 40, kwa hiyo kwetu feni ni rafiki mchana na usiku. Mtu wa Juba mwezi Machi anahitaji kujilowesha kwanza ndipo aiwashe, la sivyo amejiwekea upepo wa jiko.

Kujilowesha kunasaidia hata huku. Mama zetu wanaolowesha khanga, wakaikamua na kujifunika wakati wa kulala wanaupa mwili jasho ambalo haukulitoa: maji ni ya ndoo, chumvi inabaki mwilini. Khanga mbichi pamoja na feni ndicho kiyoyozi cha bei rahisi kuliko vyote ninavyovijua. Tatizo ni maji yenyewe. Wengi tunaoga kutoka simtanki lililo juu ya mnara, limechomwa na jua tangu asubuhi, na saa kumi jioni bomba linatoa maji ya kunyonyolea kuku. Jaza ndoo mbili alfajiri, uziweke chumbani sakafuni. Jioni utaoga maji, siyo supu.

Sakafu nayo ina msaada usiohitaji jasho. Ukilala juu ya vigae au saruji iliyosuguliwa, joto linahama kutoka mgongoni kwenda chini moja kwa moja, na godoro la sponji linazuia hilo hasa. Ukiweka miguu kwenye beseni la maji unapata kitu hichohicho.

Kiyoyozi kinafanya kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja. Yale maji yanayodondoka kutoka kibomba cha nje ndiyo mvuke uliokuwa ukikuzuia kukausha jasho. Kwa hiyo huna haja ya kukiweka nyuzi 18 na kujifunika blanketi huku uniti za LUKU zikiyeyuka. Kiweke 26, washa na feni, hewa ikiwa kavu 26 ni raha. Jirani yako atapata joto ulilolitoa chumbani, lakini hilo ni la kikao cha mtaa.

Na chai ya moto? Wazee wa barazani wanaapa kwamba inapoza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa walilipima jambo hili mwaka 2012 kwa watu waliokuwa wakiendesha baiskeli, na wazee wakapata ushindi wa nusu: kinywaji cha moto kinauchochea mwili utoe jasho zaidi, na likikauka lote, unabaki umepoa kuliko aliyekunywa baridi. Sharti ni lilelile la mtungi. Dodoma, kunywa chai yako. Kariakoo saa nane mchana mwezi Machi, jasho la ziada litaishia kwenye kola.

Nyumba inayokumbuka mchana

Mchana watu wanajua kujitafutia: mwarobaini, mwembe, kibaraza, duka lenye feni. Mimi naamini vita yenyewe iko usiku. Moyo uliofanya kazi ya ziada kutwa nzima, ukisukuma damu kwenye ngozi ili ipoe, unahitaji saa chache za kupumzika. Usiku ukiwa na joto lilelile, siku ya pili unaanza na deni, na ya tatu deni la deni.

Nyumba nyingi tunazojenga sasa zinakusanya deni hilo. Bati bila dari linageuka jiko lililopinduliwa: kufikia saa sita huwezi kulishika kwa mkono, na joto lake linawashukia walio chini hata kama dirisha liko wazi. Kuta za bloku zinalinywa jua mchana na kulitema kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linapendeza, ila hata ukilifungua lote, nusu ya nafasi imezibwa na kioo. Zile luva za zamani zilizochekwa kuwa za kizamani zilifunguka karibu zote. Zungusha ukuta wa fensi mrefu, mwaga pevingi uwanja mzima, kata mwembe kwa sababu unachafua, na umekamilisha tanuri kwa gharama kubwa.

Wajenzi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walikuwa na akili nyingine. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinachelewesha joto la mchana lisifike ndani upesi. Vichochoro vyembamba vinazifanya nyumba zikingane jua zenyewe kwa zenyewe, na dari za boriti za mikoko ziko juu, hewa ya moto inapanda huko na kukuacha. Nyumba ya makuti inafuata njia nyingine kabisa: haihifadhi joto, inapumua. Zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni ile inayohifadhi joto na haipumui.

Mpangaji hawezi kubomoa ukuta, lakini kuna ya kufanya. Dari yoyote, hata ya mbao nyembamba, yenye matundu ya kutolea hewa kati yake na bati, inabadilisha chumba. Bati lililopakwa rangi nyeupe au chokaa linarudisha jua lilikotoka. Mji wa Ahmedabad nchini India, uliopoteza watu wengi katika joto la Mei 2010, ulitengeneza mpango wake wa kukabili joto mwaka 2013, na baadaye paa za mabanda yake zikaanza kupakwa nyeupe. Mapazia yafungwe upande wa jua mchana, madirisha yote yafunguliwe jua likizama. Maharage yachemshwe alfajiri, uani, siyo saa kumi na moja jioni kwenye korido ambayo watoto watalala karibu yake.

Chandarua ndicho kinachoniumiza kichwa. Kinazuia mbu, na kinazuia upepo pia, na katika wiki za fukuto watu wanakifunga fundo juu na kulala wazi. Siwalaumu, lakini malaria haina likizo. Feni isogezwe hadi karibu na chandarua, ipulize kwa ubavu badala ya kutoka darini. Chandarua kikubwa cha mstatili kinapitisha hewa vizuri kuliko cha duara kinachokugusa usoni. Ikibidi kulala barazani, chandarua kitoke nje pamoja na mkeka.

Umeme ukikatika usiku wa namna hiyo, mambo yanabadilika kwa wagonjwa na wazee. Aprili 2024 Mali ilipata wimbi la joto lililofikisha nyuzi 48.5 mjini Kayes, umeme ukawa unakatika kwa saa nyingi, na ilikuwa Ramadhani. Hospitali ya Gabriel Touré mjini Bamako ilihesabu vifo 102 katika siku nne za kwanza za mwezi huo. Aprili nzima ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 130.

Ramadhani imo katika hesabu yetu pia. Inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na kwa miaka michache ijayo itabaki ndani ya kaskazi. Anayefunga anywe kidogokidogo kuanzia futari hadi daku, asijazie lita mbili kwa mkupuo dakika za mwisho, kwani figo zitazitoa kabla ya adhuhuri. Kazi nzito isogezwe asubuhi. Kuoga na kujimwagia maji hakubatilishi saumu, na huo ndio mlango wa kupoa usiopitia kinywani.

Moto wa homa na moto wa jua

Huku kwetu mtu akiwa wa moto, wazo la kwanza ni malaria na dawa ya kwanza ni Panadol. Hapa kuna tofauti ya kuishika. Katika homa, mwili wenyewe umepandisha kipimo chake ili upambane na vijidudu, na Panadol inakishusha kipimo hicho. Katika kiharusi cha joto, kipimo hakijaguswa. Mwili unataka kupoa na umeshindwa. Panadol haina cha kushusha. Dalili inayotenganisha uchovu wa joto na kiharusi chenyewe iko kichwani: mwenye uchovu anaumwa kichwa, kichefuchefu, misuli inakaza, lakini anakujibu sawasawa. Akianza kuropoka, kusahau alipo, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kuzimia, joto la ndani huenda limepita nyuzi 40, na dakika zinahesabika. Ngozi inaweza kuwa kavu, inaweza kuwa imelowa, isikudanganye.

Poza kwanza, safirisha baadaye, au fanya yote kwa pamoja. Kivulini, nguo nzito zitoke, maji mengi mwili mzima, mpepee kwa chochote, barafu ya dukani iende kwapani, shingoni na kwenye kinena. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe kitu, maji yatamwingia mapafuni. Kumfunga kwenye bajaji na kukwama naye kwenye foleni bila kumlowesha ni kumpika njiani. Mtoto mwenye joto apimwe malaria kama kawaida, lakini mwenye jua la mchana mzima asingojee majibu ya maabara ndipo apozwe.

Kuna wanaofika huko mapema kuliko wengine: wachanga, wajawazito, wazee ambao kiu yao imeshafifia, wenye kisukari, wanaotumia vidonge vya presha vinavyokojoza. Hao wa vidonge wasiviache. Wamuulize daktari kabla ya msimu. Na kuna kundi linalosahaulika, wageni. Paris mwezi Agosti 2003 kulikuwa na usiku ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 25, usiku ambao Dar mwezi wa pili haumshangazi mtu, na bado Ufaransa nzima ilipoteza watu karibu 15,000 katika wimbi hilo. Miili haikuzoea, vyumba vya juu vilikuwa chini ya paa za zinki, wazee wengi walikuwa peke yao na mtaa umekwenda likizo.

Mwili unahitaji siku saba hadi kumi na nne kujifunza joto jipya. Jamaa zetu wanaokwenda Oman kujenga wanaifahamu marufuku ya kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri, Juni hadi Agosti. Qatar tangu 2021 inaanzia saa nne asubuhi, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba. Marufuku hizo haziwagusi dada zetu wanaopiga pasi ndani, wala hazitofautishi aliyefika jana na aliyekaa miaka kumi. Siku za mwanzo ndizo zinazoua. Msimamizi mwenye busara humpa mgeni nusu kazi wiki ya kwanza.

Shemeji alikaa kwetu siku kumi na mbili. Za kwanza nne hakulala, akawa anazunguka na mkeka kutafuta pembe yenye upepo. Siku ya tisa tulikwenda sokoni Buguruni saa tano, na nikagundua kwamba leso yake imebaki mkobani. Alikuwa anatoka jasho kuliko siku aliyofika, na mapema zaidi, tangu mlangoni. Mwili uliozoea haungojei upate moto kwanza, na jasho lake huwa jepesi, chumvi kidogo. "Mbona leo halinichomi machoni?" akaniuliza, akinunua ukwaju.